Herufi ya Kwanza

Chaja yangu ilienda Kigoma.
Mimi nilishuka Tabora, saa tisa usiku,
na begi, na mwavuli, na kompyuta yenye asilimia thelathini na moja.
Nilipopapasa mfuko wa pembeni
nikaukuta mtupu,
na treni imeshapiga honi kuelekea Urambo.
Humo ndani, ukutani, kando ya kiti namba arobaini na mbili,
kitaa changu cha kijani kilikuwa kikiwaka bila mwenyewe.

Basi la Sikonge likatoka alfajiri.
Njia nzima niliiwasha kompyuta, nikaizima, nikaiwasha,
kama mtu anayehesabu tena nauli isiyoongezeka.

Ghala la chama cha warina-asali lina dirisha moja,
mapipa ya bluu, mzani wa chuma,
na karani, Nyamizi Kapaya,
ambaye daftari lake la kaunta limevishwa kalenda ya mwaka juzi.
"Fundi wa mfumo amefika," aliwaambia wenzake.
Wakatazama nyuma yangu, wakimtafuta.

Mfumo niliuandika mwenyewe, Dodoma, chini ya kiyoyozi:
pipa linapimwa, namba inaingia, risiti inatoka.
Sikuandika popote kwamba mrina aitwaye Mlekwa
atainama kulitafuta jina lake kwenye skrini
akiwa bado ameshika kijiko cha kuonjea.

Tone moja.
Halikuwa na haraka. Lilining'inia, likarefuka,
likachagua, kati ya herufi zote, a.

Sasa jaribu wewe kuandika asali.
Afadhali ingekufa, ningejua la kufanya.
Ilinata: uiguse mara moja, ikuitikie mara mbili.
Na neno la siri, alilolichagua Nyamizi,
lilikuwa salamu ya asubuhi ya kwao: mwangaluka.
Tukauamkia mfumo. Haukuitika.
Tukauamkia tena, polepole, kwa ncha ya kidole.
Mara ya tatu ukafunga mlango:
jaribu baada ya saa ishirini na nne.

Asilimia nne. Nikamwandikia bosi wangu, Kyando,
maneno mawili, bila kuyasoma:
mfumo umekufa.
Nikatuma. Skrini ikawa nyeusi.

Jibu likaja kwenye simu kabla sijafunika mashine:
"Safi sana! Nimefurahi. Alhamisi uende Nzega."
Nililisoma mara nne, kisha nikateremka
hadi kwenye maneno yangu mwenyewe.
Mfumo umekufaa.
A moja ya ziada. Nyuki wa huku, nimeambiwa,
hunyonya maua ya mti uitwao mtundu.

Simu ilikuwa mkononi, ningeweza kusahihisha.
Nikamwonyesha Nyamizi; akacheka mpaka akauegemea mzani,
mshale ukapanda kilo nane.
"Kwani umedanganya? Tangu uiweke hapo
upepo haujanifunulia ukurasa hata mmoja."
Kweli, kompyuta ilikuwa imelala juu ya daftari lake.
Siku mbili ilifanya kazi hiyo, bila hitilafu.

Kazini kwetu, kosa ndani ya programu tunaliita mdudu;
nimekesha miaka sita nikiwawinda.
Usiku ule wakaja wenyewe, sisimizi, kwa mstari,
wakapanda mguu wa meza, wakaingia chini ya a,
na kulipokucha walikuwa wamelila kosa
karibu lote.

Chaja ikarudi siku ya tatu, mkononi mwa kondakta wa basi,
ndani ya mfuko wa rambo unaonuka dagaa,
imezungushiwa uzi, na kikaratasi:
"Ya yule dada aliyelala mdomo wazi."

Nikaichomeka. Mwangaluka, tukaandika. Ukaitika.
Nyamizi akaingiza mapipa kumi na manne,
kisha, bila kuniangalia,
akayaandika yote tena kwenye daftari.

Kyando aliuliza kwa nini Nzega sijafika.
Nikaanza kumjibu, nikisoma kila neno.
Dirishani upepo ulikuwa umeinua jalada;
nikaiweka simu juu yake, kwanza.