Mzungu wa Nne

Dakhalia ya skuli yetu, Wete: vitanda ishirini,
neti kumi na saba, umeme wa kubahatisha.
Usiku tuliofika tulikuwa wasichana thelathini na mbili.
Bi Rukia, matroni, alisimama mlangoni na kandili:
"Kila kitanda mtu mmoja kwanza.
Sitaki kuona wawili wamebanana
na pembeni kitanda kitupu kinapiga miayo.
Vikisha kuenea, ndipo mpangane,
na mkipangana, mzungu wa nne:
huyu kichwa huku, huyu kichwa kule.
Wa tatu hana nafasi, hata awe ndugu wa tumbo moja."

Nilipangwa na Salha wa Kojani.
Miezi minane nyayo zake zilikuwa jirani wa sikio langu.

Ndiyo maana mwalimu Subeit alipochora visanduku ubaoni,
akatia mshale mmoja mmoja, yote ikitazama juu,
kisha akarudi kuioanisha na ya kutazama chini,
darasa likakuna vichwa, sisi wawili tukacheka.
"Mna nini nyinyi?"
"Mwalimu, hii sheria tunailalia."

Kesho yake alikuja na maputo
yaliyobaki harusini kwa mdogo wake.
Moja, la duara, akalishika kiganjani:
halina mbele, halina nyuma.
Kisha mawili mawili, fundo kwa fundo:
jozi ikaelekea kibla, jozi ikaelekea bandarini,
jozi ikasimama kati ya sakafu na dari.
"Elektroni si nzi anayezunguka taa.
Hii ni sura ya pale anapokisiwa kuwapo.
Karafuu zikianikwa, nani atanionesha
harufu inapoishia?"
Dirisha lilikuwa wazi. Mtaa mzima ulinukia
na hakuna aliyethubutu kunyoosha kidole.

Zuwena akauliza: "Na hapo kwenye fundo?"
"Hapo hapatikani kabisa."
"Sasa anavukaje?"
"Nani kakwambia anavuka? Yuko huku, na yuko kule."

Nililiandika hilo, nikalipigia mstari mara mbili.
Baba yangu ana nyumba Wete, ana nyumba Kwahani.
Mama huniambia keshafika, au keshaondoka.
Safari yenyewe sijapata kuiona:
si tiketi, si begi, si chumvi kwenye viatu.

Kwa umbo lililofuata mwalimu aliishiwa pumzi.
Manne, kama pangaboi lililozimwa;
mengine manne, na mengine; na la tano, la ajabu,
mawili wima. Akaazima kata ya mpishi
akaivisha kiunoni.

Ilipofika kromiamu, hesabu ikagoma.
Tulitarajia wanne huku, kitanda kimoja kitupu,
na wawili kule chumba cha duara.
Mwalimu akafuta mshale mmoja kule, akauleta huku:
watano, kila mtu na chake,
na kule akabaki mmoja.
"Kwa nini, mwalimu?"
Akapangusa chaki kwenye suruali.
"Hivi kunatulia zaidi."

Mwezi wa tisa, chumba cha pili, kitanda kikawa wazi.
Salha akakunja shuka yake, akahama.
Hatukugombana.
Usiku ule nililala nimejinyoosha,
kichwa upande ule ule,
na karibu na sikio
nikaacha mahali pa nyayo mbili.