Mfuko wa Mifuko

Chini ya sinki, kando ya bomba lililofungwa kitambaa,
upo mfuko uliomeza mifuko mingine
mpaka ukashindwa kufumba mdomo.
Mwezi Machi nilifungua kabati natafuta sabuni
nao ukanitapikia miguuni.
Nikakaa sakafuni nikaihesabu: mia mbili kumi na nne,
na huo mama yao, mia mbili kumi na tano.

Nikaapa: hautaingia mwingine humu.

Kiapo ni chepesi kwa mtu aliyekaa.
Jumamosi, sokoni Plovdiv, nimetundika begani
mkoba wa kitambaa nilioushona mwenyewe
(mshono umekwenda kombo, usiniulize),
nikamwambia Zdravka muuza jibini, "Leo bila mfuko."
Akasema, "Vizuri sana, Ognyan, dunia inaangamia,"
na mkono wake, ambao siku hizi haumsikilizi,
ushachomoa mfuko, ushaupuliza, ushaitia jibini ndani,
ushapiga fundo, ushautia kwenye mfuko wa pili
ili maji ya chumvi yasiniharibie mkoba.

Mazoea yana taabu.
Mia mbili kumi na saba.

Wiki iliyofuata nikaenda na bakuli lenye kifuniko.
Akanipimia jibini pamoja na bakuli,
tukagombana juu ya bei ya bakuli langu mwenyewe,
akacheka, akaniongezea kipande.
Wiki ya tatu bakuli lilibaki mezani nyumbani
likinitazama natoka.

Mkate hauna shida, unaubana kwapani.
Vitunguu ni wavumilivu. Mayai yana kasha lao.
Lakini samaki! Nani ataingia kwenye lifti
na samaki ndani ya gazeti linalolowa,
mbele ya jirani mwenye koti jeupe,
ghorofa sita, bila kusema neno?

Na taka je, nizibebe kwa viganja?
Hapo ndipo nilipoanza kuitumia ile ya kabatini,
mmoja kwa siku, kutoka juu kwenda chini,
kama mtu anayechimba kisima.

Ya juu haikuwa na jina wala uso.
Chini zaidi ikaanza kunitambua.
Duka la viatu lililofungwa zamani mtaani kwetu.
Duka la dawa mkabala na hospitali: mifuko sita,
yote ya majira ya baridi yale yale.
Hiyo sikuitia taka. Niliikunja, nikairudisha.
Na mmoja mwembamba, wa friza, una kibandiko
na mwandiko wa Rositsa uliolalia kushoto:
*Pilipili za kuchoma, Septemba.*
Mwaka hakuandika.
Labda alidhani Septemba ni moja tu.

Niliugeuza nje ndani. Nikaunusa.
Unanuka plastiki.
Watu husema kwa hofu kwamba kitu hiki hakiozi,
kwamba kitatuzika sisi na watoto wa watoto wetu.
Usiku ule, Mungu anisamehe,
sikuogopa.

Sasa imebaki thelathini na mmoja.
Binti yetu Radina anapiga simu kutoka Varna:
"Baba, yote kwenye pipa la kurejeleza, umalize kazi."
Nimemwambia kesho. Nimemwambia kesho mara nne.

Na jana, Septemba tena, nikitoka kwa kinyozi
mikono mitupu, nikaona zabibu zile nyeusi
zinazopasuka ukizitazama kwa nguvu.
Nikarudi na mifuko mitatu mipya
na kichwa kilichonyolewa, chenye aibu.

Leo asubuhi nimeiosha kwa maji ya uvuguvugu,
nimeibana kambani kwenye roshani,
inafura, inasinyaa, inadondosha matone
juu ya maua ya watu wa chini.
Jirani wa juu ameinama kwenye kingo zake:
"Ognyan, unafua nini?"
"Mifuko."
Kimya. Njiwa akapita.
"Mbona hukusema? Ninayo kabati zima. Ngoja nikuletee."

Nasikia kandambili zake zinashuka ngazi.