Dakika Nne

Mimi ndiye mwenye mizani hapa Pureba.
Kila aendaye Halago nampima kwanza,
yeye na kikapu chake, yeye na nguruwe wake,
kisha naandika daftarini kwa kalamu ya risasi:
umbali, kilomita kumi na moja;
muda, dakika nne,
tano ikiwa mawingu yameketi shingoni mwa mlima.

Kilomita kumi na moja ni za ndege.
Mguu haujui hesabu hiyo.
Mguu unashuka korongoni hadi masikio yazibe,
unavuka daraja la mitambaazi iliyosukwa,
mmoja mmoja, bila kucheka,
unapanda tena kwa magoti na kucha,
unalala pangoni, unaamka,
na Halago iko pale pale, juu,
moshi wake unauona tangu jana.

Habari ilikuja kwa redio, mwezi wa ukungu:
Pebeni, mdogo wake mama, hayupo.
Nikamkatia mama tiketi, mshahara wangu wa wiki mbili.
Nikampima. Kilo arobaini na moja,
pamoja na udongo wa matanga usoni.
Kaupa, rubani, akamfunga mkanda
naye akaushika kwa mikono miwili
kama anayeshika mkia wa nguruwe mkaidi.

Ndege ikakimbilia ukingoni, ikadondoka kidogo, ikajishika.
Nilitazama saa yangu.
Ya kwanza, bado naiona tumbo.
Ya pili, nukta.
Ya tatu, mivinje ya ng'ambo imeimeza.
Ya nne, vumbi.
Nikaandika.

Wanasema alishuka macho makavu.
Wanawake walimngoja aanzishe, yeye ndiye mkubwa,
naye amesimama nyasini na kikapu chake,
akauliza, "Mbona nimefika?"

Kwetu kilio hupikwa njiani.
Darajani unamwita marehemu kwa jina lake la utotoni.
Pangoni unamkumbusha ile koleo aliyoazima.
Kwenye kilima cha mwisho unamtukana kwa kutangulia,
na ukiuona moshi wao, sauti imeiva.
Dakika nne! Hata udongo haujakauka shavuni.

Jumanne ndege ikarudi.
Kwenye kiti chake, gunia la vitunguu.
Kaupa akapandisha mabega.

Alhamisi jioni, nafunga banda,
akatokeza ukingoni, matope hadi kiunoni,
sauti imekatika, anasema kwa vidole.
Hakunisalimu. Alipanda mizani mwenyewe.
Thelathini na tisa.
Akaitazama sindano mpaka ikatulia,
akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo,
kama mtu aliyehesabiwa chenji yake ikatimia.

Safu ya muda kwenye daftari ni nyembamba.
Niliandika "siku mbili u nusu"
maneno yakamwagikia safu ya mizigo.
Mkaguzi alipokuja aliyazungushia wino mwekundu.
Kifutio ninacho.
Kimekaa mfukoni.