Boksi la Pweza

Povu jeupe tulilipata bure, Magomeni:
boksi la pweza, bado linanuka chumvi.
Nikalichonga kwa msumeno hadi likawa shavu la bampa,
bampa la Noah ya Chinduli, aliyegonga mbuzi Nanguruwe.
Laini. Jepesi. Nikajiona bingwa.

Kisha nikamimina rezini, ile ya poliesta, ya bei poa.

Ikachemka kimyakimya. Shavu likazama lenyewe,
sukari ndani ya chai,
nikabaki na pengo linalonata vidoleni.
Fundi Nambunga hakugomba. Alisema tu:
"Rezini hii na povu hilo havilali kitanda kimoja."

Epoksi ipo, haili povu. Ipo Dar, na bei yake iko huko huko.
Lipo povu la kopo, la manjano, wanalozibia fremu za milango,
gumu, rezini hailitishi:
makopo manne, na faida imekwisha.

Basi, boksi la pili. Nikalivika selotepu ya kahawia,
tabaka juu ya tabaka, bila kuacha tundu la sindano.
Hadina, matone machache;
joto la Mtwara lenyewe ni hadina.
Faiba, brashi, faiba. Nikaenda kula.

Alasiri nililigonga ganda, likaitika: ko.
Nikaligeuza, nikachana selotepu, nikamimina petroli kwa ndani.
Povu likanywea, likatoweka.
Kosa lile lile la juzi,
sasa nimeliajiri.

Chinduli kaja, kainama, kanusa.
"Petroli naielewa," akasema.
"Pweza je?"