Bado Kumi na Tano

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
kabati hili halikujiuza wala halikutembea.
Lilisimama miezi mitatu nje ya banda la Asangalwisye, pale Sido,
kuku wakitaga kwenye droo ya pili,
mpaka nilipopita na elfu thelathini za upatu
nikataja bei ambayo hata mimi niliionea aibu.

Alicheka. Akataka thelathini na tano.
Nikampa thelathini, tano tukaachiana kwa mdomo,
na elfu mbili ya guta nikaikata kwenye unga.

Ilemi walilitazama likipanda kilima.
"Mama Tumwitike, umenunua kuni?"
Sikujibu. Kuni haziwi nzito namna ile.
Msukuma guta alikwishaniambia,
jasho likimtoka kwenye baridi ya Juni:
dada, hii siyo paina.

Msasa namba sitini, vipande vinne.
Kigae cha kioo cha dirisha lililovunjwa na mpira,
maana kikwangulio cha dukani ni sukari ya wiki mbili.
Kwanza ikatoka kahawia, ile ya mafuta,
inang'ang'ania kama mgeni aliyesahau kuwa matanga yamekwisha.
Chini yake kijani cha ofisi.
Chini ya kijani, bluu ya mtu aliyepata mtoto,
au aliyekuta tu kopo limebaki.
Siku ya tatu, vidole vimepasuka,
mninga.
Niliusikia puani kabla sijauona.

Mguu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa.
Mninga wa kuunga sina; mninga una bei, tena una kibali.
Nikaunga paina, ubao wa kreti uliotoka Mafinga na nyanya,
gundi, na mpira wa baiskeli kuukaza usiku kucha.
Asubuhi mguu ukasimama mweupe kama soksi.
Basi nikachemsha majani ya chai ya Tukuyu,
yale ya vumbi, sufuria nzima, nyeusi ti,
nikaupaka mara tano.
Tumwitike akauliza kama kabati nalo
linakunywa chai bila maziwa.
Linakunywa. Sisi je?

Vanishi robo lita, nimeizimua kwa tina,
na bado Juni haitaki ikauke.
Saa sita, jua linapotoa uso juu ya Loleza, tunalitoa nje,
mimi upande huu, jirani upande ule;
saa tisa, upepo wa vumbi ukianza, tunakimbia nalo ndani.
Siku nne hivyo.
Mlango wa kushoto umebaki na nzi mmoja.
Nimemwacha.

Droo ya pili, ile ya kuku, niliigeuza mwisho kabisa.
Chini yake, penseli ya fundi, ile bapa,
mwandiko umelalia upande:

*Kabati la karani Mwasumbi.
Amelipa 85. Bado 15.*

Hakuna jina la fundi. Hakuna mwaka.
Ni zamani tu, shilingi kumi na tano
zilipotosha kumnunia mtu.

Nilikuwa na msasa mkononi,
unga wa mninga umenijaa nyusi.
Mtu huyu aliumanisha mbao meno kwa meno,
bila msumari hata mmoja,
na nadhani kila jioni alipita mbele ya nyumba ya karani
akikohoa kidogo.
Labda alilipwa, akakosa nafasi ya kuja kufuta.
Labda karani alihamishwa Songea na kabati lake,
kikohozi kikabaki barabarani.

Msasa ukayazunguka maandishi
kama mtu anayefagia chumba alimolala mgonjwa.
Halafu nikaazima penseli ya shule ya Tumwitike,
nikaandika chini ya mwandiko ule:

*Asangalwisye, Sido. Nimelipa 30,000.
Bado 5,000.*

Droo nimeirudisha. Inakwama kidogo kulia;
nimeisugua mshumaa, bado inakwama.
Sahani zimepanda.
Jumamosi, chapati zikitoka, nitashuka Sido.