Kona Tatu

Mwezi wa nane, Nkuhungu, upepo una mikono.
Unachota barabara yetu na kuimimina vikombeni,
kwenye unga, kwenye kope za mtoto.
Tukabandika madirisha mkanda wa gundi,
tukaziba chini ya mlango kwa kanga iliyochakaa,
tukabaki tunapumua pumzi za jana:
ya dagaa, ya soksi za shule, ya moshi wa taa,
na Sechelela usiku wa manane akipiga mluzi kifuani
kama birika lililosahauliwa jikoni.

Daktari akasema vumbi.
Kisha akasema, na hewa iliyochoka.
Nifunge, na nifungue. Nikarudi nyumbani na amri mbili zinazogombana.

Ndipo nikauza alizeti ya msimu mzima
nikanunua sanduku la kijivu, ukubwa wa begi la bweni:
feni mbili, kichujio cheupe kama daftari jipya.

Fundi Msanjila hakuligusa.
Alifunga utepe wa mfuko kwenye ufito,
akausimika uani, akaketi juu ya ndoo kuutazama
mpaka chai yangu ikapoa mkononi mwake.
"Mashariki kuna upepo mzuri," alisema,
"ila kuna na nguruwe wa jirani yako."
Akachagua kaskazini, juu, chini ya paa,
mbali na jiko la mkaa, mbali na choo.
"Mdomo wa kuvuta usikae jirani na mdomo wa kutoa.
Nani anakula mahali anapotapikia?"

Mimi nilitaka bomba lifichwe:
lipinde kabatini, lipinde korido, lipinde tena juu ya pazia,
wageni wasilione. Kona tatu tu, nikamwambia.
Hakubishana. Alikata kipande cha mpira wa maji,
akakikunja mara tatu, akanipa: "Puliza."
Nilipuliza mpaka machozi yakanitoka.
Akaunyoosha. "Haya, sasa."
Maganda ya karanga yaliruka mezani, yakamwangukia mke wangu.
"Kila kiwiko kinakula pumzi, bwana.
Unanunua hewa halafu unailisha kona?"

Basi likapita wazi, sebuleni, juu ya picha ya harusi yetu,
limevishwa sifongo kwa sababu ya bati linalounguza,
viungo vyake vimefungwa mkanda wa fedha,
na likainama kidogo kuelekea nje
ili mvua ikija, kama itakuja, isitutembelee.

Ukuta ulikuwa mgumu. Tofali zile
alizichoma marehemu kaka yangu kwa kuni za mkole,
na drili ililia kama inayemwomba radhi.
Kisha, ghafla, duara la mchana ukutani, kama sahani.
Sechelela akapitisha mkono mpaka begani
akawapungia kuku.

Tulipowasha sikusikia kitu.
Nilidhani nimeibiwa.
Msanjila akaweka karatasi ya chooni kwenye wavu wa kutolea:
ikanata, ikatetemeka, haikuanguka.

Sisemi amepona. Dawa ya kuvuta bado iko juu ya kabati.
Nasema usiku ule niliamshwa na ukimya,
nikaenda pekupeku kuangalia kama anapumua,
na alikuwa anapumua,
mdomo umefungwa.

Wiki ya sita nikachomoa kichujio.
Kilikuwa rangi ya barabara.
Nilikikung'uta juu ya gazeti: vumbi laini kama uwele uliosagwa,
likajaa kikombe kimoja na kitu.
Sechelela alilichovya kwa kidole, akalitazama sana.
"Baba, hili lingekuwa wapi?"

Nikakunja gazeti.
Mwisho wa mwezi nina deni la Msanjila, elfu themanini,
na wageni bado wanaliuliza lile bomba.
Nawaambia wakae chini yake.