Gia ya Kwanza

Gari langu jipya halina mjadala.
Usipokanyaga klachi, ufunguo haulisemeshi;
taa ya njano huchora mguu juu ya pedali
kama karani wa benki anayekuonyesha foleni kwa kidevu.
Nikadhani magari yote ya gia yako hivyo.

Lada ya baba haina masharti hayo.
Ya mwaka sabini na tisa, rangi ya mtindi,
imelala bandani tangu Novemba
kati ya mapipa ya kabichi ya chumvi
na baiskeli isiyo na mnyororo.
Ikiwa frii, itawaka tu, hata ukikunja miguu kitini.
Ikiwa ndani ya gia, itaruka.

Sikujua imo ndani ya gia.

Februari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
theluji ya Alūksne inalia chini ya viatu kama wanga mkavu.
Nimebeba betri kutoka jikoni, ilikolazwa kando ya jiko
na kufunikwa kitambaa, kama mgonjwa.
Nimekaza nati. Nimekaa. Nimezungusha ufunguo,
miguu yote miwili sakafuni, imetulia, mijinga.

Lada ikaruka hatua moja.
Moja tu, halafu kimya.
Ndoo ikapinduka. Kuku wa Velta, jirani, wakatukana.
Mama, aliyekuwa ameegemea mlango wa banda usifunge,
hakupiga kelele.
Akasema, "Huyo ni Arvīds."

Kisha akanieleza, mvuke ukimtoka puani,
kwamba breki ya mkono huganda usiku,
waya wake hushikwa na barafu, asubuhi magurudumu yakagoma;
kwa hiyo mwenye akili huegesha kwa gia ya kwanza,
akazima, akaenda zake kunywa chai.
Ndivyo alivyofanya jioni ile.
Chai aliinywa nusu.

Nikashika fimbo ya gia niirudishe katikati.
Kirungu chake kimelika upande mmoja,
upande wa kidole gumba.
"Usiitoe."
"Mama, itaruka tena."
"Hivi ulisomea nini huko Riga?"
Akaingiza mkono dirishani, akanigonga goti la kushoto
kwa funguo za banda. "Hiyo. Mpaka chini."

Nikakanyaga.
Pedali nzito, yenye kutu, ikashuka kwa kusitasita,
na mahali fulani chini ya bati nikahisi
sahani ikiachana na sahani
bila ugomvi, bila yeyote kunyang'anywa kitu:
huku injini, peke yake, huru kuhangaika;
kule magurudumu na gia yao,
vile vile alivyoyaacha.

Tangu hapo mtu akiniuliza kama klachi ni lazima
namjibu kifundi: inategemea gari.
Jipya litakulazimisha. La zamani, ukiwa frii, si lazima,
ila kwenye baridi kanyaga tu,
betri isipate kazi ya kukoroga oili iliyoganda kama asali ya mwaka jana.
Hayo namwambia. Mengine simwambii.

Stata ikazunguka kwa uvivu, ikasita,
ikazunguka. Moshi. Kikohozi. Ikashika.
Mama akaingia upande wake, ule ule wa siku zote,
akaweka mkoba mapajani.
"Achia kidogo kidogo."
Nikaachia kidogo kidogo,
sahani ikaitafuta sahani,
na Lada ikatoka bandani kwa gia aliyoitia yeye,
ikapita kisima, ikapita uzio wa Velta,
ikapita sanduku la posta lenye jina lake bado.

Sikubadilisha. Nilikuwa siwezi.
Barabara ikanyooka, injini ikapanda sauti,
ikalalamika, ikalia,
nami nimekaza macho kwenye theluji.

Mama hakunitazama.
"Tia ya pili," akasema.
"Unamchosha."